Sinema ya Mnyonya Damu na Ombi la Mama

Sipendi sinema za kutisha. Nimefundisha shule ya msingi muda wa kutosha kujua kwamba vya kutisha vipo vya bure, havihitaji umeme wala bando. Lakini Jumapili hiyo mvua ilikuwa imekataa kukatika hapa Manyatta, tulikuwa tumerudi kutoka kanisani na viatu vizito kwa matope, na binti yangu, aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya chuo, alikuwa amekwisha kuunganisha kompyuta yake na televisheni yangu bila kuniuliza. Alisema ni sinema mpya, kila mtu anaizungumzia, na ambaye hajaiona amepitwa. Nikamwambia mimi nimepitwa na mengi na bado napumua.

Mama yangu aliketi katikati yetu. Alikuwa amekuja kwangu kutoka kwetu, kule juu karibu na Maua, ili atolewe mtoto wa jicho hospitalini Embu. Jicho moja lilikuwa limetengenezwa, la pili lilikuwa likingoja zamu yake. Kwa hilo moja aliona kila kitu na akasema kila alichokiona: vumbi juu ya kabati langu, mvi zangu, ufa wa ukutani. Nilikuwa nimeanza kumkumbuka yule mama wa mwezi uliopita aliyekuwa hanioni.

Hata hivyo, siku hiyo hakuwa na raha, na mimi vivyo hivyo. Jana yake ndugu yangu alikuwa amepiga simu kutoka nyumbani. Baba ameacha kula, alisema. Haumwi mahali popote, ameugeuzia tu ukuta uso wake, na uji unapelekwa na kurudishwa. Mama alisikiliza yote kwenye spika ya simu, kisha akauliza swali moja.

"Ameniulizia?"

Ndugu yangu akakohoa. "Ameuliza kama dada yake anaendelea vizuri na jicho."

Dada huyo ni mama. Baba alikuwa akimwita mke wake dada tangu nikiwa msichana mdogo wa kuvaa sare za shule zilizoshonwa viraka, na kitu kimoja ambacho mama alikitaka duniani ni kwamba mtu yule asife kabla ya kumwita mke tena. Hakuwahi kunitamkia maneno hayo. Lakini mimi ni kifunguamimba wake, nimelala kitanda kimoja naye miaka ambayo baba hakulala humo, na nilijua. Sasa baba alikuwa anaondoka, na daktari wa macho alikuwa ametuambia tumrudishe mama Jumatatu akaguliwe. Kwa hiyo tulikuwa tukingoja Jumatatu, na katika kungoja huko ndipo tulipowekewa mnyonya damu.

Sinema yenyewe ilikuwa ya giza jingi. Jumba kubwa la mawe juu ya mlima, theluji, kunguru, mishumaa isiyohesabika iliyowashwa katika vyumba visivyo na mtu, jambo lililonikera kuliko meno ya yule bwana. Yule bwana mwenyewe alikuwa mrefu, mweupe kupita kiasi, amevaa glavu nyeusi hata mezani. Alizungumza polepole sana. Binti yangu alijifunika leso hadi machoni na kuchungulia juu ya upindo wake. Mimi nilipewa kazi ya kumtafsiria mama kwa Kimeru, maana Kiingereza hana, na Kimeru cha binti yangu ni cha kuombea maji tu.

"Huyu ni mgonjwa?" mama aliuliza.

"Zii, shosho, huyo si mgonjwa," binti yangu akamjibu bibi yake kwa Kiswahili chake cha chuoni. "Ashakufa kitambo. Anaishi juu ya damu ya watu."

"Kwani huko kwao hakuna ng'ombe?" mama akasema. "Sisi tulikunywa damu ya ng'ombe na maziwa tukiwa watoto, na hakuna aliyeota meno ya mbwa."

Tulicheka hadi binti yangu akasimamisha picha. Hatukucheka tena siku hiyo.

Baadaye yule bwana alishuka mlimani hadi kwenye nyumba ya msichana mmoja aliyekuwa akimtaka. Mlango ulikuwa wazi. Akasimama nje, theluji ikimwangukia mabegani, na hakuingia. Mama akaniuliza mbona haingii. Binti yangu akaeleza kwamba hawezi, ndiyo sheria yao, lazima mwenye nyumba amkaribishe kwanza.

"Hata akiwa na njaa?"

"Hata akiwa na njaa vipi, shosho."

Mama akavua ile miwani nyeusi ya hospitali, ambayo alikuwa amekatazwa kuivua, akaukodolea macho ule mlango. "Namjua mtu wa namna hiyo," akasema. Binti yangu alidhani ni mzaha. Mimi niliangalia kikombe changu cha chai.

Kisha msichana yule akaugua. Alikuwa akikohoa, madaktari wakaja na mikoba yao wakatikisa vichwa, mama yake akafunika vioo. Safari hii yule bwana akakaribishwa. Aliketi kando ya kitanda, akavua glavu, akajikata mkononi kwa kisu kidogo, akaikinga damu yake kwenye kikombe cha udongo mweupe. Akamnywesha kwa kijiko, kidogo kidogo, akimngoja ameze. Msichana akafumbua macho. Yule bwana akasema maneno nami nikatafsiri: "Sasa wewe ni mke wangu."

"Simamisha," mama akasema.

Binti yangu akasimamisha.

"Rudia hapo."

Tukarudia hapo. Kisu, kikombe, kijiko, macho yakifumbuka. Mama alitazama akiwa ameegemea mbele, mikono juu ya magoti. Ilipofika kwenye maneno yale akanyoosha kidole.

"Amempa damu yake. Halafu amekuwa nani wake?"

"Mke wake, shosho. Milele na milele."

"Kumbe kwao damu ni mahari," mama akasema, na hakuwa akimwambia yeyote kati yetu.

Kwetu damu si mahari. Kwetu Igembe kuna kitu kinachoitwa gichiaro. Zamani, koo mbili zilipochoka kuuana, wazee wao walijichanja na kuchanganya damu, na kuanzia siku hiyo watu wa koo hizo wakawa ndugu kupita hata waliotoka tumbo moja. Mtu wa gichiaro chako humdanganyi, humpigi, na akikuomba kitu humnyimi. Akikuomba fahali wako wa mwisho, unafungua zizi. Na huwezi kuoana naye. Kuoana naye ni kuoa dada yako, na adhabu yake haikupati wewe, inawapata watoto wako, wanaokufa mmoja baada ya mwingine mbele ya macho yako. Kwetu nimewajua walevi, wezi na watu waliouza mashamba ya mayatima. Hata hao wanaogopa gichiaro.

Nilikuwa darasa la tatu mama alipojifungua mtoto wake wa nne. Mtoto alitoka akiwa amekufa na damu ya mama haikukoma. Wanaume wa jirani walimbeba juu ya kitanda hadi hospitali, nami nikafuata nyuma na viatu vyake mkononi, kwa sababu niliona ni aibu arudi bila viatu. Daktari alisema anahitaji damu upesi. Ndugu za mama walikuwa mbali. Waliombeba wote wakakumbuka shughuli zao kwa ghafla, ng'ombe hajakamuliwa, mlango haukufungwa. Akabaki baba. Akapimwa, damu yake ikakubali, akakunja mkono wa shati.

Alitusimulia siku ile ile, nje ya wodi, huku akinionyesha kibandiko mkononi. Aliona damu yake ikijaa kwenye chupa ya kioo, na baadaye akaona chupa ile ile ikiwa imening'inizwa juu ya mama, ikipungua. Alikaa pale akiiangalia hadi ikaisha. Sijawahi kumwona baba akiwa na furaha namna ile kabla ya siku hiyo wala baada yake. Alikuwa amempoteza mtoto asubuhi na amempata mke mchana.

Mama aliporuhusiwa kurudi, baba alikwenda kwa baba yake, yaani babu yangu, kumpa habari njema. Mzee alikuwa akipukuchua mahindi. Aliendelea kupukuchua hadi baba alipomaliza.

"Damu yako iko ndani yake?" akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Na hukuiondoa tena?"

"Ningeiondoaje?"

"Basi umejifanyia gichiaro," babu akasema. "Yule si mke wako tena. Ni dada yako. Tayari mmezika mmoja."

Mtoto yule alikuwa amekufa kabla damu haijatolewa, na hata mimi wa darasa la tatu niliweza kuhesabu hivyo. Lakini hofu haihesabu. Babu huyo nilimchukia waziwazi na sijaacha kumchukia. Mhubiri wetu alikuja akasema hayo ni mambo ya giza, kwamba damu ya Yesu imeyafuta yote. Baba alimpikia chai, akakubaliana naye kila neno, akamsindikiza hadi barabarani, na wiki hiyo hiyo akaanza kujenga nyumba yake ndogo upande wa pili wa uwanja. Alitutazama sisi watatu tuliobaki, mimi, ndugu yangu na mdogo wetu aliyekuwa bado mgongoni, na nadhani tangu hapo hakuacha kututazama.

Mama hakufukuzwa. Nani amfukuze dada? Waliomshauri baba aoe mwingine aliwaambia hana mke aliyemwacha. Kila asubuhi alivuka uwanja, akasimama nje ya mlango wa mama, akatoa salamu, akaketi kwenye kigoda akinywa chai yake akiwa nje, mvua au jua. Mlango ulikuwa wazi. Kabla ya hapo alikuwa akimwita mama kwa jina langu, mama wa fulani, kama wanaume wote wa kwetu wanavyowaita wake zao. Akaliacha. Akamwita dada, kwa upole na heshima kubwa, na kila mara nilipolisikia neno hilo nilitaka kurusha kitu.

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilijifunza habari za damu, nikaja nyumbani likizo kichwa kimejaa. Nikamkuta baba kwenye kigoda chake. Nikamweleza kwamba chembe za damu hazimalizi mwaka, kwamba ile aliyotoa ilikwisha kitambo na mama amejitengenezea nyingine, yake mwenyewe, kwa hiyo hakuna gichiaro chochote kilichobaki. Alinisikiliza vizuri, maana alikuwa mtu wa heshima hata kwa mtoto wake. Kisha akaniuliza: "Na haya maisha ambayo ameishi tangu siku ile, yalitoka wapi?"

Nimefundisha somo la damu kwa wanafunzi na kwa watoto wa wanafunzi hao. Swali lile huja nami darasani kila mara.

Lililo baya zaidi ni kwamba gichiaro kilimpa mama nguvu ambayo mke hana. Baba hakuweza kumnyima kitu. Mara moja, kwa hasira tu, alimwomba fahali wake, yule aliyekuwa akitembea naye mtoni akijivuna. Baba hakuuliza ni wa nini. Alimleta kwa kamba, akaifunga kwenye mwimo wa mlango wa mama, akarudi kwake. Mama alilia mchana kutwa, kisha akatutuma tumrudishe. Tangu hapo hakumwomba hata chumvi, alituma sisi. Alijua ombi lake ni amri. Siku yoyote angeweza kusimama uwanjani na kusema, nakuomba kwa gichiaro, rudi nyumbani kwangu. Baba asingeweza kukataa, kwa kuwa kumnyima mtu wa gichiaro ni laana, na asingeweza kukubali, kwa kuwa kulala na dada ni laana. Mama alikuwa na neno hilo mdomoni miaka yote na akalimeza, kwa ajili yetu kwanza, na pia kwa sababu hakutaka mume wa kulazimishwa.

Sasa picha ilikuwa imesimama kwenye televisheni yangu, yule bwana mweupe na kikombe chake, na mama alikuwa akivaa miwani yake.

"Kesho tunaenda nyumbani," akasema.

"Kesho ni jicho, mama."

"Jicho limeshaona."

"Unaenda kumwomba?" nikamuuliza. Nilihisi woga, na nitausema ulivyokuwa. Haukuwa woga wa baba kukataa, ulikuwa woga wa baba kukubali.

"Naenda kumkaribisha," mama akasema.

Binti yangu alinifuata jikoni akitaka kujua nini kinaendelea. Hatukuwa tumewahi kumweleza, watoto wa siku hizi wakijua kitu wanakiweka kwenye simu. Nilimweleza nikiwa namenya viazi, kwa kifupi, kutoka chupa ya kioo hadi kigoda. Alisimama akiwa ameegemea friji.

"Yaani guka alimwokoa, halafu akamwacha kwa sababu alimwokoa?"

"Hakumwacha."

"Mama, hii sasa ndiyo horror," akasema. Akarudi sebuleni akafunga kompyuta, na ile sinema hatukuimaliza.

Asubuhi nikamwomba jirani mwenye gari atupeleke. Tulifika mchana wenye jua kali, ndugu yangu akatupokea langoni akiwa na mikono yenye majani ya miraa, na nilipomwambia tumekuja kufanya nini alibadilika uso. Ndugu yangu ana watoto watano. Kila mmoja wao amepitia surua, malaria na mambo ya barabarani, na kila mara baba alikuwa akija kusimama nje ya mlango wake akiuliza hali.

"Mama, usimwombe mtu mgonjwa," akasema. "Unataka tufe?"

"Nimengoja mpaka mmezeeka," mama akamjibu. "Nyinyi wenyewe ni wazee. Ningoje mpaka lini?"

Nyumba ya baba, mama hakuwahi kuikanyaga. Alisimama mlangoni, nje, pale ambapo baba angesimama kama ingekuwa nyumba ya mama. Ndani, baba alikuwa amelala akiuangalia ukuta. Alikuwa amebaki mifupa na masikio. Mama akatoa salamu. Baba alipoisikia sauti, akajigeuza kwa taabu.

"Dada," akasema. "Jicho?"

"Linaona," mama akasema. "Nina ombi."

Baba alijaribu kuketi. Mtu ambaye alikuwa hawezi kushika kijiko alijiinua kwa viwiko viwili, kwa sababu neno hilo alikuwa hajalisikia kutoka kwake tangu siku ya fahali. Nilimwona akiogopa. Ndugu yangu alinishika mkono, akanibana hadi nikaumia.

"Nakuomba kwa gichiaro," mama akasema. "Njoo ulale kwangu. Na uniite ulivyokuwa ukiniita."

Nje kuku walikuwa wakiparura. Baba alifunga macho, nikadhani amekwenda, na nikafikiri, basi, amekwepa. Kisha akauliza:

"Watoto wako wapi?"

"Mimi hapa," nikasema.

"Mimi hapa, baba," ndugu yangu akasema.

"Na yule mdogo?"

Mdogo wetu anauza mbuzi Kiritiri, na siku hiyo ilikuwa ya soko. Nikampigia simu nikaiweka sikioni mwa baba. Tulisikia mbuzi na watu wakipigizana bei kabla ya kumsikia yeye. "Baba? Baba ni nini? Kuna nini huko?" Baba hakumjibu, alimsikiliza tu akiendelea kuuliza.

"Wote wapo," akasema.

"Wote wapo," mama akasema.

Akashusha miguu chini. Tulimbeba kwapani, mimi upande mmoja, ndugu yangu upande wa pili, na ndugu yangu alikuwa akilia kwa hasira, machozi yanamwingia mdomoni na hawezi kuyapangusa kwa kuwa mikono yote imemshika baba. Uwanja ule ni mdogo. Watoto huuvuka wakikimbia bila hata kupumua mara mbili. Sisi ulituchukua muda mrefu sana. Tulipofika mlangoni pa mama, baba akasimama na akakataa kusogea. Nilidhani amechoka. Kumbe alikuwa anangoja.

Mama akapita mbele yetu, akaingia, akageuka.

"Karibu, baba wa watoto wangu," akasema.

Baba akainua mguu, akavuka kizingiti, na alipokuwa ndani alimwita mama kwa jina langu. Sauti ilikuwa hafifu na ilikatika katikati, lakini sote tulisikia. Mama alimsaidia kulala, akamvua soksi, akazikunja.

Aliishi siku chache. Alikunywa uji kidogo, wa wimbi, mama akimnywesha kwa kijiko na kumngoja ameze, na mimi nilitoka nje nikakaa nyuma ya ghala, kwa sababu nilikuwa nimekiona kijiko hicho Jumapili. Mchana mlango ulikuwa wazi na mama alilala kando yake juu ya blanketi, mchana kweupe, ili yeyote anayepita aone. Watu walipita. Wengine walipita mara mbili. Baba alikata roho kabla ya saa sita ya mchana, jua likiwa limefika hadi miguuni pa kitanda.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwamba mama amemuua. Kwamba mgonjwa alikuwa akijiendea zake polepole kwa Mungu, akavutwa na dada yake kitandani na gichiaro kikamaliza kazi. Shangazi zangu walisema hivyo wakiwa wanakata kabeji ya matanga, bila hata kushusha sauti. Ndugu yangu hakusema, lakini alihamisha watoto wake wote watano wakalale kwa wakwe zake. Nami, mwalimu wa sayansi, nilikuwa nikimpigia binti yangu simu asubuhi, mchana na jioni. Asipopokea, moyo wangu ulisimama hadi apokee. Bado husimama. Niko hapa nikiandika haya na simu iko karibu na mkono wangu.

Jicho la mama halikukaguliwa. Lilipata vumbi, likapata machozi, likavimba, na lilipofika hospitali lilikuwa limeharibika. La pili amekataa liguswe. Anasema alichotaka kuona amekiona.

Siku ya mazishi viti vilipangwa uwanjani, viti vya plastiki vya kanisa. Karibu na jeneza kulikuwa na kiti cha mjane, kama ilivyo desturi. Ndugu yangu, ambaye ndiye alipanga, alikiacha kitupu, na kiti cha mama akakiweka kwenye safu ya shangazi zangu, dada zake baba. Hakukosea. Aliamua hivyo, na hakunitazama nilipomtazama. Mama aliongozwa hadi pale kwa sababu haoni vizuri, akaketishwa. Akapapasa kushoto, akamgusa shangazi mmoja. Akapapasa kulia, akamgusa mwingine. Akaelewa.

Akasimama. Akakishika kiti chake mwenyewe kwenye egemeo, akakiburuta mbele ya watu wote, miguu ya plastiki ikikwaruza mawe, hadi mguu wa kiti ulipogonga jeneza. Ndipo akajua amefika. Kile kiti kitupu alikisukuma kando, akaweka chake. Shangazi mmoja alinyanyuka kidogo, kisha akaketi. Nani angemzuia? Kama alikuwa dada yao, hawangeweza kumnyima. Kama alikuwa mke, mahali ni pake.

Mhubiri, kijana mgeni kwenye kanisa letu, hakujua lolote. Alikuwa ameulizia tu marehemu ana watoto wangapi. Alipofika kwenye habari za marehemu alisema alivyozoea kusema kila Alhamisi kwenye kila kaburi, upesi upesi, akiangalia mawingu kwa sababu mvua ilikuwa inakuja.

"Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, na wajukuu wengi."

"Rudia hapo," mama akasema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini watu wote walikuwa kimya. Mhubiri akasita. Alidhani mama huyu mzee, pamoja na macho, ana shida ya kusikia. Akainama kumwelekea, akatamka neno moja moja, polepole na kwa nguvu, kama mtu anayezungumza na kiziwi.

"Ameacha. Mjane."

Mama akaitikia kwa kichwa, akamruhusu aendelee.